Mama Lewis Anakuja, na Kasa Wake Alikufa

Assalaam aleikum Bi. Khairiya,

Nimesoma ukurasa wako tangu nikiwa darasa la sita, kwetu gazeti la Jumamosi hufika Jumatatu likishapita kwa majirani wawili, na sikudhani kwamba siku moja atakayekuandikia ni mimi, lakini nina jambo ambalo siwezi kumwambia mtu uso kwa uso, kwa sababu nikisimama mbele ya watu sauti hunikauka, kwenye karatasi tu ndipo ninapoweza kusema, na huko kuweza kwangu ndiko kulikonitia katika haya. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu. Niite Fairuz, ingawa si jina langu.

Mjomba wangu, nitamwita Mjomba Muhdhar, ana shamba la kasa nyuma ya nyumba ya ukoo, pale Mji wa Kale unapoishia baharini. Ni mahodhi matatu ya saruji na ngazi za mawe zinazoshuka mpaka majini. Wavuvi wakinasa kasa nyavuni bila kukusudia humletea, yeye huwafidia nyavu zilizochanika, kasa hupumzishwa kisha hurudishwa baharini, na hayo ndiyo maneno yaliyoandikwa kwenye ubao wa mlangoni. Lakini ukweli ni kwamba kasa hukaa hodhini mpaka meli ya watalii itie nanga Kilindini, maana wageni wakishushwa hupandishwa mabasi, huonyeshwa Ngome, hupitishwa vichochoroni, na mahali pao pa mwisho kabla ya kurudi melini ni kwetu, dakika arobaini, na wanachotaka kuona ni kasa akiteremka zile ngazi na kuingia majini. Meli ikichelewa wiki mbili, kasa naye hungoja wiki mbili. Siku za meli mimi ndiye msimulizi, kwa kuwa nimesoma vitabu vyote vya kasa vilivyomo maktabani na Kiingereza changu ni kizuri, na maneno niliyoyakariri hayanikaushi sauti.

Januari iliyopita aliletwa kasa mkubwa, siku mbili kabla ya meli, na hakuweza kuzama. Alielea upande wa kushoto ukiwa juu, akipiga mapezi na kuzunguka mahali pamoja. Nilikuwa nimesoma kwamba kasa asiyeweza kuzama huenda amemeza ndoana au plastiki na hewa imemjaa mwilini, na kwamba anatakiwa kuonwa na daktari siku hiyo hiyo. Nilimwambia Mjomba kwa sauti ndogo sana. Kaingu, ambaye kazi yake ni kuwalisha na kusafisha mahodhi, alisema kwa sauti kubwa.

“Huyu mgonjwa, Bwana Muhdhar. Ngisi hagusi. Tuwapigie wale watu wa kuokoa kasa waje wamchukue.”

“Umekuwa daktari lini, Kaingu?”

“Tangu nianze kuwasugua migongo. Wewe ukilala ubavu siku mbili huli, si tutaita mtu aje akusomee?”

Mjomba alicheka, na mimi pia nilicheka, kisha akasema, “Meli ni Alhamisi. Wageni wameahidiwa kasa mkubwa. Ijumaa tutapiga hiyo simu.”

Alhamisi wageni walikuja kama sitini, wakawazunguka kasa wadogo kwa kamera zao, na mama mmoja mzee aliyekuja peke yake akaketi ukingoni mwa hodhi la yule mkubwa, akamtazama muda mrefu, kisha akaniuliza, “Mbona huyu hazami?” Mjomba alikuwa nyuma yangu. Bi. Khairiya, jibu nililijua, nilikuwa nalo neno kwa neno na hata ukurasa niliusoma wapi naukumbuka, nikasema, “Anapumzika.” Yule mama akatabasamu akasema mwanawe Lewis alikuwa akilala hivyo hivyo, kwa ubavu, hata alipokuwa mtu mzima. Lewis alikuwa mtoto wake wa pekee, amefariki miaka minne sasa kwa maradhi ya damu. Akauliza kama anaweza kumpa kasa jina hilo, Mjomba akaweka mkono kifuani akasema ni heshima kwetu, na kwamba Lewis ataachiliwa akishapata nguvu. Akatuachia anwani yake ya barua pepe.

Lewis alikufa kesho yake kabla ya sala ya Ijumaa. Simu haikupigwa. Baada ya sala Mjomba na mtu mwingine walimpasua kwenye ngazi ya chini kabisa, kwa sababu pale maji yakijaa hupasafisha yenyewe, na tumboni mlikuwa na ndoana yenye uzi mrefu kama mkono wangu. Kaingu alikataa kushika kisu, akaenda zake kwao Likoni kabla ya wakati wa kutoka kazini. Gamba sijui lilikwenda wapi. Mafuta yalikuja kwetu katika chupa ya sharbati, kwa sababu mdogo wangu Khubaib, ana miaka saba, ana pumu, na kwetu wazee huamini kwamba mafuta ya kasa ukimsugua mtoto kifuani na kumpa kijiko katika maji ya moto, pumzi hufunguka. Mama hakuuliza ni kasa gani. Baada ya siku tatu alisema, “Kifua kimefunguka, alhamdulillah,” na mimi sijui kama ni mafuta au ni kwamba vumbi lilipungua. Chupa iko dirishani mpaka leo, mafuta yamebaki kama vidole viwili, na Mama humpa kila anapobanwa.

Jumapili ikaja barua pepe ya yule mama akiuliza Lewis yu hali gani. Mjomba akaniita. “Wewe ndiye msomi wetu. Hebu mwandikie kitu kitamu, roho yake itulie.” Nikaandika kwamba Lewis ameteremka ngazi mwenyewe wakati wa maji kujaa, akaingia baharini bila kugeuka nyuma. Na kwa kuwa kwetu mama huitwa kwa jina la mwanawe, nilianza barua na “Mama Lewis”, nikamweleza desturi hiyo. Akajibu kwamba tangu mwanawe afariki hakuna aliyelitaja jina la mwanawe mbele yake, hata wenzake wa karibu, wote hulikwepa, na kwamba aliyasoma maneno hayo mawili akiwa amesimama jikoni, akajikuta amekaa sakafuni.

Baada ya hapo Mjomba hakuniambia tena niandike. Niliandika mwenyewe. Niliandika kwamba Lewis ameonwa na wavuvi karibu na Kilifi, kisha Lamu, nikaeleza nyasi za bahari anazokula na pango la matumbawe analolala, yote nikiyatoa vitabuni, barua kumi na moja kwa miezi kumi, pamoja na ile ya kwanza. Na hapa ndipo penye aibu yangu kubwa, kwa sababu niliandika vizuri. Hakuna aliyewahi kuniambia nina kipaji, shuleni huniita Bi. Kamusi na hawaniiti hivyo kwa sifa, lakini yeye alisema huzichapisha barua zangu na kuziweka kando ya kitanda. Nilikuwa nikitoka shule nikiwaza wiki hii Lewis awe wapi. Kuna siku nilisahau kabisa kwamba amekufa.

Sasa anakuja. Anapanda meli tarehe tisa, na itafika Kilindini tarehe ishirini na saba. Wao waliuchoma mwili wa mwanawe, nilipolisoma hilo sikula chakula cha mchana, na majivu kidogo aliyobakisha atakuja nayo kwenye kopo. Anataka kuyamwaga kwenye ngazi ya mwisho, pale nilipomwambia Lewis aliingilia baharini, ili wawe pamoja. Ngazi ya mwisho ndiyo ile waliyompasulia.

Nilimwambia Mjomba, nikidhani atashtuka. Alifikiri kidogo tu.

“Basi, tatizo limekwisha. Kuna yule aliyeletwa juzi, ukubwa ni ule ule. Mwandikie kwamba Lewis amerudi. Kwani kasa harudi? Si wewe mwenyewe huwaambia wageni?”

“Huyu ni jike, Mjomba, mkia wake mfupi.”

“Mama wa watu atoka mbali kote huko kuja kumlilia mwanawe, nawe wataka kumpima kasa mkia?”

Kasa wa juzi ni mzuri (naye anaelea, lakini kidogo tu), na kwa mbali anafanana na Lewis kweli. Barua ya kwamba amerudi nimeshaiandika. Sijaituma. Ndiyo nzuri kuliko zote. Nikisema kweli nitakuwa nimemuua mtoto wa yule mama mara ya pili, na Mjomba anaweza kufungwa, naye ndiye aliyetulea tangu Baba afariki, chakula chetu kinatoka katika mahodhi yale. Nikinyamaza, atamwaga mabaki ya mwanawe mahali pale huku akitabasamu na kunishukuru. Je, Bi. Khairiya, uongo unaomfurahisha mzee na usiomdhuru mtu, huo si huruma? Nimetafuta katika vitabu vyangu vyote, sikuona jibu.

Fairuz, Mji wa Kale

MAJIBU YA BI. KHAIRIYA

Waaleikum salaam, Fairuz.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu, na nimepigia mstari maneno matano tu, hayo uliyoyabana kwenye mabano kama mtu anayesukuma takataka chini ya jamvi: “naye anaelea, lakini kidogo tu.”

Umeniandikia kurasa nne juu ya kasa aliyekufa, na maneno matano juu ya aliye hai. Hapo ndipo tutakapoanzia. Nimekujibu pia kwenye anwani ya barua pepe uliyotumia, siku ile ile, kwa sababu gazeti linangoja Jumamosi na yule kasa hawezi kungoja. Kama hujaisoma, weka gazeti hili chini, mtafute Kaingu, mwambie, “Ile simu tuipige.” Yeye alisema kwa sauti kubwa mara ya kwanza na alikuwa sahihi. Msimame pamoja mpaka ipokelewe. Wale watu wakija watamchukua mgonjwa kwanza, maswali baadaye. Mjomba wako akiuliza nani amekutuma, sema ni mimi. Aje gazetini. Niko kila siku mpaka saa kumi, na nina maswali yangu kwake.

Sasa, huyo Mjomba. Mtu mzima alimficha mnyama mgonjwa, mnyama anayelindwa na sheria ya nchi hii, ili wageni wa meli wapate picha. Alipokufa, akampa mtoto wa shule kazi ya kuusitiri uongo wake. Amekulisheni, najua, na hilo halifutwi. Lakini kumlinda mjomba wako na sheria si wajibu wa binti wa miaka kumi na sita, wala sikwambii umburute mwenyewe kituoni. Hilo ni la wakubwa. Ukurasa huu mpe mama yako, mkae naye mchana, mlango umefungwa, umsomee kama huwezi kusema.

Mama Khubaib, kuanzia hapa nasema nawe. Hukuuliza ni kasa gani kwa sababu ulijua jibu hutalipenda. Ile chupa iondoe dirishani leo. Mwili wa kasa huweza kuwa na sumu isiyoondoka hata ukipikwa, na watoto wameshakufa kwayo, kasa mmoja huliwa wakaanguka watu watano. Wewe wampa mtoto wa miaka saba kwa kijiko. Mara hii umesalimika. Mtoto wa pumu anahitaji kuonwa na daktari na kupewa dawa ya kuvuta, si kusuguliwa kifua ukangoja vumbi lipungue. Mpeleke wiki hii. Ukishatoka kliniki, keti na kaka yako. Maneno ambayo binti yako hawezi kumwambia, wewe unaweza.

Turudi kwako, Fairuz. Nakuhurumia, na nisingependa usome haya mengine ukidhani sikuhurumii. Nilikuwa binti wa kukauka sauti mimi pia, najua inavyokuwa mtu mzima akisimama nyuma yako. “Anapumzika” ulilisema kwa hofu, na hofu naielewa.

Barua kumi na moja sizielewi. Mjomba alikuomba moja. Kumi zilizobaki uliziandika kwa sababu zilikufanya mtu. Umekiri mwenyewe, na kwa kukiri huko nimekuona una akili kuliko unavyojidhania. Lakini unaniuliza kama huo si huruma. Huruma humgharimu anayeitoa. Wewe imekugharimu nini? Wewe ulipata sifa, na yule mama akabaki akimngoja kasa asiyekuwepo, barua zako ziko kando ya kitanda chake. Kisha unasema uongo huo haumdhuru mtu. Mwanamke mzee anavuka bahari na kopo la majivu ya mwanawe, aje ayamwage kwenye jiwe la kuchinjia, nawe umesimama pembeni ukipokea shukrani! Na huyo Lewis wa pili akifa Ijumaa, utaandika kumi na moja nyingine?

Kwamba utamuua mwanawe mara ya pili, liondoe kichwani. Lewis wake alikufa kwa maradhi ya damu, na mama yake anajua kuliko wewe. Anachostahili ni kuchagua mwenyewe, akiwa na macho yake mawili, pa kumweka. Majivu yakishamwagika hayazoleki. Ndiyo maana umwandikie sasa, kabla ya tarehe tisa, angali nyumbani kwake, karibu na watu wake, anaweza kughairi safari au kuja kwa sababu nyingine. Usingoje umwambie huko ngazini, huku ameshika kopo.

Ile barua nzuri kuliko zote, ifute. Usijiwekee nakala.

Na safari hii usiandike vizuri. Sitaki bahari humo, sitaki matumbawe wala wavuvi wa Lamu. Mwambie kwamba kasa alikuwa mgonjwa, na wewe ulijua ulipomwambia anapumzika. Mwambie alikufa kesho yake, na alikutwa na ndoana tumboni. Mwambie kilichofanyika kwenye ngazi ya mwisho, usimpambie na usimwongezee damu. Mwambie yote ya baada ya hapo uliyatunga. Mwambie yuko kasa mwingine na mmemwitia wa kumtibu, ikiwa kweli mmeita. Kisha nyamaza. Usimwombe akusamehe, maana utakuwa umemtwika kazi nyingine mtu ambaye umeshamchosha. Akisema samahani yako ameipokea, ni ukarimu wake. Akikutukana, soma mpaka mwisho. Asipojibu kabisa, hilo ni jibu, na usimwandikie tena.

Ikiwa atakuja pamoja na hayo, nenda na mama yako mkampokee alikoshukia, umwambie kwa mdomo yale uliyoyaandika. Sauti itakauka. Sema hivyo hivyo, imekauka.

Najua utakaa mbele ya karatasi ukijiuliza mwanzo uweje. Uwe ule ule wa siku zote. Andika “Mama Lewis”. Jina hilo hukulitunga.